Mito ya Moto: Jinsi Lava Inavyochimba Mifereji Duniani, Mwezini na Kwenye Sayari Nyingine

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa jiografia na fizikia pamoja na wanafunzi wao. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu kuja hapa, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi kwenye madirisha: nawashukuru nyote. Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo limenishughulisha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu. Jambo hilo ni namna mawe yaliyoyeyuka yanavyoweza kutiririka, kujikatia njia, na kuacha mfereji unaodumu miaka bilioni kadhaa baada ya moto wenyewe kuzimika. Ninalotaka kulisema ni moja tu: mfereji ni ushahidi wa kimiminika kilichoupitia. Umbo lake, upana wake, mwanzo wake na mwisho wake vinatuambia kimiminika hicho kilikuwa cha moto kiasi gani, kilikuwa kizito au chepesi kiasi gani, na kilitiririka kwa muda gani. Kazi yetu ni kujifunza kuuhoji.

Tuanze Mwezini. Tarehe 30 Julai 1971, David Scott na James Irwin, wanaanga wa safari ya Apollo 15, walitua kwenye tambarare ndogo iliyo kati ya milima ya Apenini ya Mwezi na korongo linaloitwa Hadley. Korongo hilo lina urefu unaozidi kilomita 100. Mahali walipolifikia lina upana wa takriban kilomita moja na nusu, na kina cha zaidi ya mita 300. Linajipinda kushoto na kulia kama mto unaopita katika nchi tambarare. Wanaanga hao waliendesha gari lao hadi ukingoni, wakapiga picha za ukuta wa ng'ambo kwa lenzi ya kuvuta mbali, na katika picha hizo yakaonekana matabaka ya mwamba yaliyolaliana, moja juu ya jingine.

Sasa nawauliza: ni nani aliyelichimba korongo lile? Mwezi hauna hewa. Hauna mvua, hauna chemchemi, hauna mto hata mmoja. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba bonde linalopindapinda limechimbwa na maji yatiririkayo. Je, mtoto huyo akiletewa picha ya Hadley atasema nini?

Atasema kile walichosema wasomi wakubwa. Mwaka 1968, yaani miaka mitatu kabla ya Scott na Irwin kufika, wanasayansi watatu wa Marekani, Lingenfelter, Peale na Schubert, walichapisha makala yenye hoja kwamba makorongo ya Mwezi yalichimbwa na mito ya maji iliyotiririka chini ya paa la barafu, kwa maana bila paa hilo maji yangechemka na kupotea angani. Naomba tusiwacheke. Walikuwa na umbo la mto mbele yao, na wakatafuta hali ambayo mto ungeweza kuwapo. Hiyo ni sayansi ya kweli. Jina la Peale, hata hivyo, mliweke akilini, kwa sababu tutakutana naye tena mbali sana na Mwezi.

Kilichofuata ni kwamba mawe ya Mwezi yaliletwa Duniani, yakapasuliwa na kupimwa. Mawe yaliyotoka tambarare ya Hadley yalikuwa basalti, yaani mwamba wa volkano, yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.3, nayo yalikuwa makavu kupita kiasi. Madini ambayo kwa kawaida huzaliwa pale basalti inapokaa na maji hayakuonekana. Lakini hata kabla ya mawe hayo, mfereji wenyewe ulikuwa umeshatoa ushahidi wake, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wa jiografia wanisikilize kwa makini.

Tuuhoji mfereji. Mto wa maji unaanzia wapi? Unaanza kwa vijito vingi vyembamba vinavyokutana, navyo vinakusanya maji ya eneo zima. Korongo la Mwezi linaanzia wapi? Mara nyingi linaanzia kwenye shimo moja, kubwa na lenye kina. Tuuhoji tena. Mto wa maji, kadiri unavyoteremka, hupokea tawimito na kupanuka. Korongo la Mwezi halina tawimito, na kadiri linavyokwenda mbali na chanzo chake ndivyo linavyozidi kuwa jembamba na kupungua kina, mpaka linafifia katika tambarare. Mto wa maji huweka mchanga na tope mwishoni, ukajenga delta. Korongo la Mwezi halijengi chochote cha namna hiyo. Kimiminika kilichotoka shimoni kwa wingi, kikawa kinapungua nguvu njiani, kikapoteza joto, na mwishowe kikaganda: hicho ni kimiminika gani, ndugu zangu? Ni lava.

Makorongo ya namna hii yaliyoorodheshwa Mwezini yanakaribia 200, na mengi yako pembezoni mwa zile sehemu nyeusi tunazoziona kwa macho, ambazo wanajimu wa zamani waliziita bahari. Kubwa kuliko yote ni Bonde la Schröter, lenye urefu wa takriban kilomita 160 na upana unaofikia kilomita 10. Ndani ya sakafu ya bonde hilo kuna korongo jingine jembamba linalojipinda zaidi, ambalo linatuambia kwamba lava haikupita pale kwa mwendo mmoja tu. Ilipita kwa wingi, kisha ikapita tena kwa uchache.

Swali gumu zaidi ni hili: lava inachimbaje? Wengi wetu tumeona picha za lava ikijaza mabonde na kufunika barabara. Tumeiona ikiongeza mwamba, hatujaiona ikiuondoa. Basi niwapeleke Hawaii.

Mwezi Mei mwaka 2018, ardhi ilipasuka katika mtaa wa makazi chini ya volkano ya Kilauea. Nyufa nyingi zilifunguka, na mojawapo, iliyopewa namba 8, ikatoa lava mfululizo hadi mwanzoni mwa Agosti. Lava hiyo ilijitengenezea mfereji wa takriban kilomita 13 hadi baharini, ikaharibu nyumba zaidi ya 700 na kuifukia ghuba nzima ya Kapoho. Wanajiolojia waliokuwa wakiitazama usiku na mchana waliona jambo ambalo vitabu vilikuwa vimeshalieleza, ila si mara nyingi linaonekana wazi namna ile. Lava iliyofurika pembeni ilipoa, ikaganda na kuwa kingo. Ikafurika tena, kingo zikapanda juu. Baada ya majuma machache mto ule wa moto ulikuwa unatiririka juu ya usawa wa ardhi iliyo kandokando yake, ukiwa umeshikiliwa na kuta ulizozijenga wenyewe. Mfereji wa namna hii haukuchimbwa hata kidogo, ulijengwa.

Njia ya pili ni ya kujifunika. Wapishi waliomo humu wanajua kwamba uji ukitolewa jikoni hupata utando juu, na chini ya utando ule unabaki wa moto wa kuunguza ulimi. Lava nayo hufanya hivyo. Uso wake hupoa, gamba likaunganisha ukingo na ukingo, na mto ukawa umeingia ndani ya handaki. Ndani ya handaki hilo joto halipotei upesi, na hivyo lava inaweza kusafiri makumi ya kilomita huku ikibaki nyepesi. Mtiririko ukikoma, lava ya mwisho inashuka na kuacha pango tupu. Hawaii kuna pango la Kazumura, lenye njia za urefu wa zaidi ya kilomita 60. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mapango ya mlima Suswa na ya vilima vya Chyulu nchini Kenya ni ya asili hiyo hiyo, na mwalimu anayeweza kuwapeleka wanafunzi wake huko kwa utaratibu na usalama atakuwa amewafundisha zaidi ya ubao wowote.

Njia ya tatu ndiyo inayohitajiwa kulieleza korongo la Hadley: lava kukata mwamba ulio chini yake. Katika miaka ya 1990, wanasayansi wa Kilauea walitumia matundu yaliyobaki kwenye paa la handaki la lava kupima sakafu ya mto uliokuwa unapita ndani. Waliona sakafu ile ikishuka kwa takriban sentimita 10 kila siku, kwa muda mrefu. Sentimita 10 kwa siku! Mkulima anayelia kwa mmomonyoko wa shamba lake hajaona kasi ya namna hiyo.

Inawezekanaje? Kuna nguvu mbili zinazofanya kazi, na wataalamu bado wanajadiliana juu ya ipi inatangulia wapi. Ya kwanza ni joto. Lava ya basalti hutoka ikiwa na nyuzi joto karibu 1,150 hadi 1,200 za Selsiasi. Ikipita juu ya mwamba ambao huanza kulainika kwenye joto la chini ya hapo, na ikapita kwa muda mrefu bila kukoma, mwamba ule unapata joto, unalainika, unayeyuka na kuchukuliwa. Mwaka 1973 Mwingereza aitwaye Hulme alionyesha kwa hesabu kwamba jambo hili lingewezekana sana Mwezini iwapo lava ingetiririka kwa mkorogeko, maana mkorogeko huleta kila mara lava mpya yenye moto sakafuni badala ya kuiacha ile iliyokwisha poa ikae chini kama blanketi. Nguvu ya pili ni ya msukumo: lava inang'oa vipande vya mwamba uliopasukapasuka, inavibeba, na kuvitumia kusugua vingine. Pale ambapo ardhi ni legelege, au mteremko ni mkali, nguvu hii ya pili inaweza kuizidi ile ya kwanza. Mimi naona tunakosea tunapotaka kuchagua moja na kuitupa nyingine, kwa sababu mwamba uliolainishwa na joto hung'oka kwa urahisi zaidi, na hivyo nguvu hizi mbili husaidiana.

Kwa nini basi tunaona makorongo makubwa ya aina hii Mwezini, na Duniani leo hatuyaoni? Jibu limo katika mnato, yaani ule ukinzani wa kimiminika kinapotakiwa kutiririka. Katika lava, mnato hutegemea joto, na hutegemea sana kiasi cha silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni. Chembe za silika hushikana zikafanya minyororo, na minyororo ikiwa mingi lava huwa nzito na ya kuburuzika. Ikiwa michache, lava hukimbia. Mwaka 1970 Murase na McBirney walitengeneza maabarani lava yenye mchanganyiko uleule wa mawe ya Mwezi, wakaiyeyusha na kuipima, wakakuta ni nyepesi kuliko basalti za kawaida za Dunia. Lava ya Mwezi ilikuwa na chuma kingi na silika kidogo. Ilitoka kwa wingi mkubwa, ikakimbia mbali, na ilipokimbia ilikata.

Kama kuna anayedhani tofauti ya mnato ni jambo la vitabuni tu, namwomba awaulize ndugu zetu wa Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Volkano ya Nyiragongo iliyo juu ya mji huo ina lava yenye silika takriban asilimia 40 tu, ilhali basalti nyingi zina karibu asilimia 50. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa katika kreta, yaani shimo la kileleni, likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko ya juu lava ilikwenda kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Vijiji vilivyokuwa njiani havikupata nafasi ya kukimbia, na waliokufa ni makumi kwa hesabu ya chini, mamia kwa makadirio mengine. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia Goma kwenyewe, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na watu wapatao 400,000 wakauhama mji huo. Mwezi Mei mwaka 2021 mlima huo ulimwaga lava tena. Ninapozungumza juu ya kimiminika chepesi na mteremko mkali, nazungumza juu ya watoto waliolala nyumbani kwao. Elimu hii ina watu ndani yake, na ninaomba tusiifundishe kana kwamba haina.

Hapo zamani sana Dunia yetu nayo ilikuwa na lava nyepesi na ya moto kuliko yoyote inayotoka leo. Mwamba wake unaitwa komatiti, kutokana na mto Komati wa kusini mwa Afrika, ambako ndugu wawili wa ukoo wa Viljoen waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Lava ya komatiti ilitoka ikiwa na joto linalofikia nyuzi 1,600, na sehemu kubwa ya miamba hiyo ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Huko Kambalda, Australia Magharibi, madini ya nikeli yamelala katika mabonde marefu chini ya miamba ya komatiti, na wanajiolojia wengi wanaeleza kwamba lava ile iliyeyusha mashapo yenye salfa ilipokuwa ikipita, salfa ikakamata nikeli, na nikeli ikatua sakafuni. Kwa hiyo mto wa moto uliokauka zamani kiasi hicho ndio unaowaongoza wachimbaji wa leo mahali pa kutoboa.

Sasa tufike Zuhura, na hapa nitawaomba subira, kwa sababu hapa ndipo penye fumbo kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Zuhura imefunikwa na mawingu mazito ambayo jicho halipenyi. Mwaka 1983 vyombo viwili vya Muungano wa Kisovyeti, Venera 15 na Venera 16, viliizunguka na kuipiga picha kwa rada katika upande wake wa kaskazini. Miongoni mwa vilivyoonekana ni mstari mrefu na mwembamba katika tambarare. Kuanzia mwaka 1990 chombo cha Marekani kiitwacho Magellan kilichora ramani ya takriban asilimia 98 ya sayari hiyo kwa rada yenye uwezo mkubwa zaidi, na mstari ule ukajulikana ni nini. Ni mfereji. Unaitwa Baltis Vallis, nao una urefu wa kilomita 6,800. Naomba nirudie: kilomita 6,800. Mto Nile, tunaojivunia kwamba maji yake yanatoka katika maziwa yetu, unapimwa kuwa na kilomita 6,650 hivi. Mfereji wa Zuhura unaupita, na hata hivyo ncha zake zote mbili zimefunikwa na lava ya baadaye, kwa hiyo huenda zamani ulikuwa mrefu zaidi.

Tuuhoji mfereji huu nao. Je, unapungua upana kadiri unavyokwenda, kama makorongo ya Mwezi? Haupungui. Kwa maelfu ya kilomita upana wake unabaki kati ya kilomita moja na tatu. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kimiminika kilichopita hapo kilisafiri umbali unaoushinda Mto Nile bila kupoa kiasi cha kuganda njiani. Lava gani inaweza kufanya hivyo?

Wapo wanaosema ilikuwa lava ya moto sana, ya jamii ya komatiti, iliyotoka kwa wingi usio na mfano. Wapo waliofikiria salfa iliyoyeyuka. Na wapo, tangu miaka ya 1990, waliogeuza macho yao kuelekea kaskazini mwa Tanzania.

Ndugu zangu, karibu na Ziwa Natron upo mlima wa Ol Doinyo Lengai. Ni volkano pekee duniani ambayo katika zama zetu inajulikana kutoa lava ya karbonati, lava ambayo karibu haina silika kabisa. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson alifika katika kreta yake, na mwaka 1962 matokeo yakachapishwa: lava ile ilikuwa ya karbonati ya sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Ni ndugu wa karibu wa magadi. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, karibu nusu ya lava ya Hawaii. Mchana inaonekana nyeusi kama tope, na ni usiku tu ndipo wekundu hafifu unapoonekana. Na wepesi wake! Inatiririka karibu sawa na maji. Inajenga mifereji myembamba yenye kingo safi, inatengeneza mahandaki madogo, inapinda kona bila kusita, mambo yote ambayo lava nyingine huyafanya kwa ukubwa. Ikishaganda, unyevu wa hewa unaigeuza kuwa nyeupe kwa muda mfupi. Mojawapo ya madini yake makuu limepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, nalo ni nyerereiti. Sijui kama wanafunzi wa Tanzania wanafundishwa hilo, na naona inafaa wafundishwe.

Sasa wekeni namba hizi kando kwa kando. Lava ya Lengai ina nyuzi 500 na zaidi. Uso wa Zuhura una nyuzi takriban 465, mchana na usiku, ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Lengai ikimwaga lava yake hapa Duniani, inakutana na hewa baridi iliyo mamia ya nyuzi chini yake, inaganda upesi. Zuhura ikimwaga lava kama hiyo, inakutana na ardhi na hewa ambavyo vimeshakaribia kuwa na joto lake. Itapoa polepole mno. Inaweza kutiririka siku baada ya siku, kilomita baada ya kilomita, ikabaki kimiminika.

Hoja hii inanivutia, na sitawaficha kwamba inanivutia pia kwa sababu mlima ni wetu. Lakini mapenzi si ushahidi, na lazima niseme palipo na ugumu. Lava ya nyuzi 600 haiwezi kuyeyusha basalti, ambayo inahitaji joto linalokaribia mara mbili ya hilo. Kwa hiyo kama Baltis Vallis ilichimbwa katika basalti, na ilichimbwa na karbonati, basi haikuchimbwa kwa kuyeyusha. Ilichimbwa kwa msukumo na kusugua, au ilijengewa kingo, au karbonati ilikuta ardhi ya aina nyingine. Wanaotetea lava ya moto sana nao wana mzigo wao wa kueleza, kwamba lava hiyo ilihifadhije joto lake umbali wote ule. Picha za Magellan hazina undani wa kutosha kuamua kesi hii.

Kuna ajabu nyingine. Kimiminika chochote, kiwe maji, lava au salfa, huteremka. Wataalamu walipopima miinuko kando ya Baltis Vallis, walikuta mfereji unapanda, unashuka, na kupanda tena kwa mamia ya mita. Je, lava ilipanda mlima? Haiwezekani. Ardhi ndiyo iliyopanda na kushuka baada ya lava kupita. Hivyo mfereji huo umekuwa kipimo: mstari ambao tuna hakika kwamba zamani ulikuwa ukiteremka, na kila mahali unapopanda leo tunajua kwamba sayari imejikunja pale tangu siku ile.

Sayari nyingine nitazipitia kwa haraka. Chombo MESSENGER, kilichoizunguka Zebaki kuanzia mwaka 2011 hadi 2015, kilionyesha mabonde mapana kando ya tambarare kubwa za lava za kaskazini, yaliyokatwa na lava iliyomiminika kwa mafuriko. Mabonde ya Zebaki hupewa majina ya miji ya kale iliyohamwa, na mojawapo linaitwa Timgad, mji wa magofu ulioko Algeria. Kwenye Mirihi, bonde la Athabasca lilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa kazi ya gharika ya maji. Picha kali zilizoanza kuletwa na chombo Mars Reconnaissance Orbiter mwaka 2006 zilionyesha kwamba bonde zima limepakwa lava kutoka sakafuni hadi kingoni. Kama maji yalitangulia na lava ikafuata, au kama lava ilifanya yote, huo ni mjadala ambao bado uko hai, na unawafundisha wanafunzi wetu kwamba umbo pekee halitoshi. Maji na lava vinaweza kuacha alama zinazofanana, na lazima tutafute shahidi wa pili.

Na Io, mmojawapo wa miezi ya Mshtarii? Niliwaambia mliweke akilini jina la Peale. Tarehe 2 Machi 1979, Stanton Peale, pamoja na Cassen na Reynolds, walichapisha makala wakisema kwamba Io, unaovutwa na Mshtarii upande mmoja na miezi wenzake upande mwingine, unakandwa na kunyooshwa mpaka ndani yake panayeyuka. Tarehe 5 Machi chombo Voyager 1 kilipita karibu nao. Siku chache baadaye, Linda Morabito, mhandisi aliyekuwa akichunguza picha kwa ajili ya kuongoza chombo, aliona wingu kubwa likiinuka kwenye ukingo wa Io. Lilikuwa volkano inayolipuka, ya kwanza kuonekana ikiwaka nje ya Dunia. Mtu yule yule aliyesoma makorongo ya Mwezi akaona maji, aliisoma mizunguko ya miezi ya Mshtarii akaona moto, na moto ukaonekana ndani ya juma moja. Baadaye, chombo Galileo kilileta picha za mfereji uitwao Tawhaki Vallis, wenye urefu wa takriban kilomita 190. Io ni mahali ambapo huenda tukaja kuuona mfereji mkubwa ukichimbwa, badala ya kuukuta umeshaachwa.

Nirudi Mwezini kwa jambo la mwisho, maana linawahusu vijana waliomo humu kuliko sisi wazee. Mwaka 2009 wanasayansi wa Japani, wakitumia picha za chombo Kaguya, walitangaza tundu lenye upana wa takriban mita 60 katika vilima vya Marius, ndani ya korongo linalojipinda. Ni mahali ambapo paa la handaki la lava limeanguka. Tundu jingine, lenye upana wa mita 100 hivi, liko katika Bahari ya Utulivu, na mwaka 2024 watafiti waliochambua upya vipimo vya rada vya mwaka 2010 walieleza kwamba chini yake kuna njia ya pango inayoendelea ndani. Sehemu zenye kivuli ndani ya tundu hilo zina joto la takriban nyuzi 17, ilhali uso wa Mwezi huunguza mchana kupita nyuzi 100 na kuganda usiku chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 150. Pango kama hilo ni kinga dhidi ya mionzi na vimondo vidogo, na wale watakaokwenda kukaa Mwezini wanalifikiria kama mahali pa kujisitiri.

Walimu, hamhitaji chombo cha angani kuanza somo hili. Mwezi ukifika siku ya kumi na mbili tangu kuandama, siku mbili au tatu kabla haujajaa, elekezeni darubini yenu, hata ikiwa ndogo, kwenye kreta ya Aristarko, lile doa linalong'aa kuliko yote katika upande wa magharibi wa Mwezi. Jua wakati huo linakuwa limechomoza pale kwa upande, na vivuli ni virefu. Pembeni mwa Aristarko mtaona mstari wa Bonde la Schröter, umeanza na shimo pana, kisha unapinda na kuelekea kwenye tambarare nyeusi. Msiwaambie wanafunzi ni nini. Wapeni karatasi na penseli wauchore, halafu muwaulize ni upande gani ulio mpana, na kwa nini upande wa pili unazidi kuwa mwembamba.